Katuni, komiki au riwaya ya picha: tuandike nini kwenye jalada?

Mpwa wangu kachora kitabu. Sio michoro miwili mitatu ya kufurahisha washkaji, ni kitabu kabisa, kurasa 112, kaanzia kwenye kauntabuku la kwaya tatu mpaka mistari ya daftari inaonekana nyuma ya sura za watu, afu hela ilipopatikana akahamia kwenye karatasi za A4. Ni hadithi ya binti wa Mpwapwa anayeuza zabibu kwenye madirisha ya mabasi pale stendi ya Nanenane. Sasa juzi tukaenda stesheni moja, duka la kuprinti hapa Dodoma mjini, kuulizia bei ya kuprinti na kubaindi nakala chache za kuanzia, jamaa wa kompyuta akauliza swali moja tu, "hapa chini ya jina la kitabu niandike nini, katuni?" Dogo akasema hapana, andika riwaya ya picha. Jamaa akasema riwaya ina maneno bwana, hii ni katuni. Tukaondoka bila kuprinti, na njia nzima kutoka Jamatini mpaka Area C dogo ananiuliza, anko, kwani mimi nimechora nini?

Mi nimefundisha fasihi miaka mingi nikadhani jibu ninalo mfukoni. Sikuwa nalo. Nimerudi nyumbani nikachimba, nikakuta hata huko kwa wenyewe, Marekani na Ulaya, hiki kitu wanachokiita graphic novel, yaani riwaya ya picha, wamekibishania tangu miaka ya 60 na hawajamaliza. Kwa hiyo hapa nayaweka majibu yao pembeni kwa pembeni, moja na mwenzake, ili kama na we unachora, au unafundisha, au una hela ya kitabu kimoja tu mwezi huu, ujue unachagua nini.

Kuna watu ukitaja asili ya hadithi za picha wanakwenda moja kwa moja mapangoni. Na sisi wa Dodoma hapo tuna kifua, manake Kolo ni kwetu, wilaya ya Kondoa, kama kilomita 180 hivi ukishika barabara ya Babati, na ile michoro ya miambani imeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Mary Leakey alikuwa kule 1951 akiinakili, na baadaye akaitolea kitabu. Upo mchoro mmoja wa rangi nyekundu una watu watano, warefu wembamba kama mabua, wa katikati kashikwa na wenzake huku na huku, na vichwa vya baadhi yao ni kama wamevaa vinyago. Wapo wanaosema yule anatekwa, wapo wanaosema hapana, ile ni ibada au ngoma. Mi nikiutazama nasikia hadithi kabisa, ila siwezi kukwambia nini kilitokea kabla wala nini kilifuata, manake aliyechora hakuniachia picha ya pili. Ndo maana nasema ile ni picha yenye hadithi ndani yake, ambacho sio sawa na hadithi iliyosimuliwa kwa picha.

Anayetetea upande wa mapango ana hoja yake lakini, asidharauliwe. Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, 1993 alitoa kitabu kizima kilichochorwa kikieleza sanaa hii ni nini, na maana anayoipa sanaa hiyo, kwa Kiswahili cha kawaida, ni picha zilizopangwa jirani kwa jirani kwa mfuatano wa makusudi. Ukiishika hiyo, unaweza kurudi mpaka makaburi ya Misri ya kale, na kile kitambaa cha Bayeux cha karne ya 11 kinachosimulia vita ya Uingereza kwa urefu wa karibu mita 70. Shida yake ni kwamba inabeba kila kitu. Katuni ya gazetini ya vibox vitatu imo, kitambaa kimo, kitabu cha kurasa 300 kimo. Kwa mtu anayetaka kujua sanaa imetoka wapi inafaa sana, kwa mtu aliyesimama mbele ya kompyuta ya stesheni anaambiwa achague neno moja haimsaidii.

Sasa mweke pembeni ya mapango Rodolphe Töpffer. Huyu alikuwa mwalimu Geneva, ana shule ya bweni ya vijana, jioni anawachorea hadithi za kuchekesha. 1827 akachora hadithi ya bwana mmoja, Vieux Bois, anayempenda mwanamke mpaka anachanganyikiwa, anajaribu kujiua inashindikana, anajaribu tena inashindikana, mwisho anamuoa. Kilichapishwa 1837, na 1842 kikatoka New York kwa Kiingereza. Pale kuna vibox, chini ya kila kibox kuna maneno, na Töpffer mwenyewe kuhusu vitabu vyake alisema kitu ambacho mi nimekipenda mno: picha bila maneno maana yake ingekuwa gizani, na maneno bila picha yasingekuwa na maana yoyote. Vinategemeana kama mafiga. Ukiniuliza nani wa kwanza kufanya kitu, sio kukipa jina, kura yangu ni ya huyu mwalimu.

Ila kauli yake inamtupa nje mtu mwingine mkubwa, na hapa ndo ubishi unanoga. Frans Masereel, Mbelgiji, 1919 alitoa kitabu cha picha 167 za kuchonga kwenye mbao, maisha ya mtu mmoja tangu anashuka mjini mpaka anakufa, na hakina neno hata moja. Mmarekani Lynd Ward akafuata nyayo, Oktoba 1929, wiki ileile soko la hisa la New York lilipoanguka, akatoa cha kwake chenye picha 139, kuhusu msanii anayeuza roho yake apate brashi ya ajabu. Nacho kimya. Kwa kipimo cha maneno na picha kutegemeana, hawa hawapiti. Kwa kipimo cha hadithi moja ndefu, nzito, ya watu wazima, yenye mwanzo na mwisho ndani ya jalada moja, hawa wanampita Töpffer kwa mbali, manake yule vituko vyake ni vya kuchekesha na hawa wanazungumzia umaskini, tamaa na kifo.

Nilimwonyesha dogo hizi hoja mbili akaniletea ukurasa wake wa 14. Una vibox vinne, hauna neno. Cha kwanza, mkono wa binti umeinua mfuko wa zabibu kwenye dirisha la basi. Cha pili, mkono wa abiria unaupokea. Cha tatu, tairi la nyuma na vumbi. Cha nne, mkono wa binti bado uko juu, kiganja wazi, hakina kitu. Basi. Akanambia anko nikiandika hapo "hajalipwa" naharibu. Na ni kweli angeharibu. Tangu siku hiyo nimeachana na kipimo cha maneno, Masereel na Ward nawarudisha ndani, na namshukuru Töpffer kwa aliyonifundisha.

Tuje kwenye jina lenyewe, manake wengi wanachanganya aliyeanzisha kitu na aliyekipa jina. Ukiuliza mtandaoni utaambiwa ni Will Eisner, 1978, New York. Jina hakulianzisha yeye. Mtu wa kwanza anayejulikana kuliandika ni Richard Kyle, mpenzi na mhakiki wa komiki, mwaka 1964, kwenye jarida dogo la wapenzi wenzake, na 1976 tayari Marekani kulitoka vitabu vilivyojitambulisha kwa jina hilo, kimojawapo cha Richard Corben. Hata wazo la kuuza riwaya ya picha kwa watu wazima lilishajaribiwa 1950, kuna kitabu kidogo cha mfukoni cha mapenzi na siasa chafu kilichochorwa na Matt Baker, mmoja wa wachoraji weusi wa mwanzo kwenye komiki za Marekani, hakikupata umaarufu.

Kwa nini basi kila mtu anamtaja Eisner? Mi naona ni kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema. Alikuwa mtu mzima wa miaka 61, alishachora komiki za magazeti tangu ujana, akafanya kazi ya kuchorea jeshi vitabu vya matengenezo ya magari. 1970 binti yake Alice akafa kwa saratani ya damu, ana miaka 16. Hadithi ya kwanza kwenye kile kitabu cha 1978 ni ya Myahudi mmoja wa mtaa wa wapangaji Bronx, aliyeandika mkataba na Mungu kwenye jiwe akiwa kijana, afu binti aliyemlea anakufa, na yule baba anamlalamikia Mungu kwamba umevunja mkataba. Ukijua kilichompata mchoraji, ile mvua anayoichora kwenye kurasa za mwanzo, yule mzee kainama anarudi kutoka mazikoni, inakushika koo. Mwenyewe alisimulia kwamba alipompigia simu mchapishaji aliogopa kusema ni komiki angekatiwa, ndo akatamka graphic novel, mchapishaji akavutiwa, alipokiona akamwambia hii bado ni komiki, katafute mchapishaji mdogo. Kwa hiyo jamaa wetu wa stesheni ana wenzake.

Lakini, na hapa mwalimu wa fasihi ndani yangu anaamka, kile kitabu sio riwaya! Ni hadithi fupi nne zilizofungwa pamoja, zinaunganishwa na mtaa mmoja. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wangekwambia hiyo ni diwani ya hadithi fupi. Sasa ukimlinganisha na Ward, wa 1929 ndo kaandika riwaya na hakuiita hivyo, wa 1978 kaandika hadithi fupi akaziita riwaya. Ndo uone jina na kitu vinavyoweza kupishana barabarani kama mabasi.

Kuna kipimo kingine cha watu wa maduka, kwamba riwaya ya picha ni ile yenye mgongo, ya kusimama kwenye rafu, na komiki ni ile yenye pini mbili katikati inayotoka kila mwezi. Hiki nakipitia haraka manake hakina msingi. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ilitoka vipande 12 kati ya 1986 na 1987, ndipo ikafungwa kuwa kitabu, je ilikuwa komiki Jumatatu ikaamka riwaya Jumanne? Moore mwenyewe hilo jina halipendi, anasema ni la wauzaji. Art Spiegelman naye alitoa Maus sura kwa sura kwenye jarida kuanzia 1980, hadithi ya baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, Wayahudi kawachora panya na Wajerumani paka, vitabu vikatoka 1986 na 1991 na 1992 akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Na sisi Kiswahili tunajua hili, hadithi ngapi zimesomwa Tanzania hii sehemu ya kwanza mpaka ya arobaini gazetini na sasa kwenye simu, zinaishia "itaendelea", na bado ni hadithi moja. Kutoka kwa mafungu ni namna ya kuuza.

Kipimo cha uzito, kwamba ikiwa ya kuhuzunisha ni riwaya na ikichekesha ni katuni, hicho nakikataa kwa nguvu zote. Kinawadharau wachekeshaji, na kwetu kinamaanisha kuwatupa watu waliotufundisha kusoma picha. Baba yangu alikuwa akifungua gazeti la Uhuru anaanza na Chakubanga wa Christian Gregory kabla ya habari, na jarida la Sani ndo lililonifanya mimi nisome kwa hiari yangu bila fimbo, kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe. Nakumbuka nakala moja ilizunguka bweni zima mpaka jalada likatoka. Zile sio riwaya za picha, na sababu sio kwamba zinachekesha. Sababu ni kwamba kituko cha wiki hii hakimhitaji msomaji wa kituko cha wiki iliyopita. Lodi Lofa anaamka kila toleo na ulofa wake uleule, na tunampenda hivyohivyo.

Hapo ndo nimefikia kipimo changu, na ndicho nilichomfundisha mpwa wangu. Chomoa ukurasa katikati. Ukichomoa kituko kimoja cha Sani, vilivyobaki vinasimama. Ukichomoa ukurasa wa 14 wa dogo, ule wa mkono mtupu, ukurasa wa 97 unakufa, manake pale 97 binti kashakuwa mtu mzima, yeye ndo yuko ndani ya basi dirishani, anapokea mfuko wa mtoto mwingine na basi linaanza kutembea, na kibox cha nne ni mkono ule ule, safari hii unarusha noti. Msomaji ambaye hakuuona ule wa kwanza hataelewa kwa nini macho ya binti yamejaa maji. Msuko umefungwa kwa picha, kwa umbo la kiganja, sio kwa maneno ya msimulizi. Hicho nakiita riwaya ya picha. Kwa kipimo hicho Ward yumo, Maus imo, Watchmen imo, Vieux Bois ya Töpffer nayo imo japo kwa kujikongoja, kitabu cha Eisner cha 1978 hakimo ingawa ndo chenye jina kwenye jalada, na sioni aibu kusema hivyo huku nikikisifu.

Sasa maneno yetu. "Katuni" ni neno letu la nyumbani, kila mtu analijua, ila limebebeshwa mzigo mkubwa mno, katuni ni ile ya mchoraji Gado ya kumchora kiongozi, katuni ni vibox vya Kingo, katuni ni ile ya kwenye TV ya kunyamazisha watoto Jumamosi asubuhi. Ukiandika katuni kwenye jalada, muuza vitabu ataiweka na vya chekechea, nimeona kwa macho yangu kwenye duka moja kitabu cha picha cha vita kimekaa katikati ya a e i o u. "Komiki" ni safi kidogo, vijana wanaielewa, haina uzito wala wepesi, na kama kazi yako ni ya mfululizo wa vituko, mi nasema tumia hiyo bila kujishusha. Wakenya wametutangulia hapa, Sasa Sema ya Nairobi miaka ya 90 walitoa vitabu kamili vya komiki kwa Kiswahili, kimoja ni Abunuwasi aliyochora huyohuyo Gado ambaye ni Mtanzania, na Shujaaz, wa hukohuko Kenya, tangu 2010 wamegawa bure komiki za Sheng.

"Riwaya ya picha" ina faida kwamba inamwambia msomaji kaa chini, hii ni ndefu, ina mwanzo na mwisho. Ila ina kasoro moja ambayo wengi hawaioni. Riwaya kwetu ni ya kubuni. Maus sio ya kubuni, Spiegelman alilalamika gazeti la New York Times lilipoiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni, wakaihamisha. Persepolis ya Marjane Satrapi, ya utoto wake Iran wakati wa mapinduzi, nayo ni maisha yake. Ukiziita riwaya unamwambia msomaji kwamba baba wa watu alibuniwa. Kwa hizo mi napendekeza "simulizi ya picha", manake simulizi inabeba ya kweli na ya kutunga, na watu wameshaizoea kwenye simu zao.

Kwa hiyo we chagua hivi. Kama ni mchoraji na kazi yako inapita mtihani wa kuchomoa ukurasa na umeitunga, andika riwaya ya picha na usimwogope mtu wa stesheni. Kama ni maisha ya bibi yako au yako mwenyewe, simulizi ya picha. Kama ni vituko vinavyojitegemea, komiki, na uvitoe kila wiki, usingoje kitabu. Kama ni mwalimu, maana aliyoitoa McCloud ndo nzuri darasani, na kama uko mkoa huu usiishie ubaoni, changisheni nauli mwende Kolo, wanafunzi wasimame mbele ya wale watu watano, uwape karatasi wachore picha iliyotangulia na picha inayofuata, utashangaa hakuna wawili watakaofanana. Kama unanunua kimoja tu kwa hela ya mawazo, usianze na Eisner kwa sababu tu umeambiwa ndo wa kwanza. Anza na Aya ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, ya mabinti wa Yopougon kule Ivory Coast, ilianza kutoka 2005. Mitaa ile, mama wale, joto lile, utadhani ni Chang'ombe yetu, na inachekesha mwanzo mwisho na bado ukichomoa kurasa za katikati inaanguka.

Jana tumerudi stesheni, nyingine, karibu na sabasaba. Dada wa pale hakuuliza tuandike nini. Alikuwa anapanga kurasa kwenye mashine, akafika ya 14, akasimama, akaishika juu kwenye taa, afu akageuza ya 15, na ya 16, mashine inamsubiri. Tumelipia nakala 20. Chini ya jina la kitabu, dogo kaandika kwa mkono wake, riwaya ya picha.